Sifa Zako, Jina Langu

14 Januari 1995

Kwa dada yangu Kichwa,

Salamu nyingi, pamoja na za mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. Sisi huku hatujambo. Mama mkubwa, yaani mama yako, goti limepoa. Sasa linamuuma pale tu anapoombwa kufanya jambo asilolitaka. Mama yangu mzima, anauliza kama watoto wako wameacha kunyonya vidole. Mjomba ameezeka jiko upya kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiyo mvua ikinyesha tunahamia sebuleni, ambako hajagusa na hakuvuji.

Sasa niseme lililonikalisha chini niandike. Usicheke kabla hujamaliza ukurasa. Nataka kuomba nafasi katika chuo cha matabibu.

Najua hapo ulipo umeshainua nyusi. Ndiyo, ni mimi huyu huyu, ambaye ripoti zangu za sekondari, muhula hata muhula, ziliandikwa neno moja mpaka likageuka jina: Wastani. Hesabu, wastani. Bidii, wastani. Tabia, wastani, hata hiyo, dada, kana kwamba nilikuwa naiba vitu nusu nusu. Wewe ulikuwa Kichwa. Tulikaa dawati moja miaka minne, na walimu wakilitazama dawati lile waliona mtu mmoja.

Chuo kimetoa tangazo. Safari hii wametenga nafasi kwa watumishi wa vituo vya afya, umri si hoja, almuradi uwe umefaulu Baiolojia na Kemia. Wamesema kufaulu, hawakusema kufaulu vizuri. Baiolojia nina C na Kemia nina D, na D ile, kwa mujibu wa tangazo, ni kufaulu. Nimelisoma tena na tena na halijabadilika. Kinachotakiwa zaidi ni barua ya mwalimu wa somo mojawapo, aeleze mwombaji alikuwa mwanafunzi wa namna gani.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kwenye dirisha la kadi. Mtu anakuja ameshika tumbo, namuuliza jina, umri, anaumwa nini, naandika, nampa kadi, anaingia mlango wa pili, na habari yake kwangu inaishia hapo. Miaka kumi na moja nimesikia mwanzo wa kila ugonjwa wa mji huu, na sijui mwisho wa hata mmoja. Nimechoka na mianzo, dada. Nataka na mimi niingie mlango wa pili nijue kinachoendelea.

Nilimwambia Mama. Akaniuliza kama nimekula. Mjomba akasema vizuri, vizuri sana, halafu akauliza kama chuo hicho kinafundisha na ufundi bomba.

Katika ukoo mzima ni wewe tu uliyewahi kusomea udaktari, hata kama ulikaa mwaka mmoja na nusu na hatuuzungumzii. Basi niambie mambo mawili. Mwalimu wa Kemia, yule tuliyemwita Asidi, anaishi wapi siku hizi? Na la pili, huko ndani kukoje?

Mdogo wako,
Wastani


27 Februari 1995

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika mapema. Jibu ndilo lililochelewa, na sababu sina. Hatujambo wote. Mume wangu amepandishwa cheo, sasa anasimamia watu wawili badala ya mmoja, na ameanza kutembea amefunga mikono nyuma. Watoto wameacha vidole, wamehamia kwenye kucha. Mimi nipo pale pale dukani, nauza vigae na rangi za ukuta. Juzi mume wangu alikuja kunisaidia kushusha maboksi, kigae kikavunjika kikamchana kiganja, damu ikatapakaa sakafu nzima. Yeye macho yakaanza kumzunguka. Nikamkalisha, nikaosha, nikabana, nikafunga, na mteja aliyekuwa anasubiri nikamuuzia vigae vilivyobaki katika boksi lile lile.

Kuhusu hilo neno lako. Sikucheka, nilimaliza ukurasa kwanza. Mdogo wangu, wewe una akili timamu, ndiyo maana nashangaa. Maabara kazi yako ilikuwa kushika kitabu kisijifunge wakati mimi napima. Mwaka wa nne, mtihani uko mlangoni, uliniuliza kama maji nayo ni kemikali. Sasa unataka ukakae darasani na watoto waliomaliza shule juzi, vichwa vyao bado vya moto, ukariri majina ya kila kinofu cha mwili? Utasoma mpaka macho yakutoke, na mwisho wa siku hakuna atakayekupigia makofi.

Na hiyo barua ya mwalimu utaipataje? Asidi alinijua mimi. Wewe alikuwa akikupita kama anavyopita mlango. Ukienda kumwomba aseme ulikuwa mwanafunzi wa namna gani itabidi abuni, na Asidi hajui kubuni.

Anaishi kwenye nyumba za walimu nyuma ya shule, au ndivyo nilivyosikia. Alistaafu zamani, ila hakupatikana mtu wa kumwambia ahame.

Umeuliza huko ndani kukoje. Kuna ngazi nyingi. Chumba cha anatomia kilikuwa ghorofa ya juu na kilinuka. Chakula kilikuwa cha kawaida. Ninayokumbuka ni hayo.

Msalimie mama mdogo. Mwambie mama yangu kwamba habari za goti nimezipata.

Dada yako,
Kichwa


19 Machi 1995

Dada,

Salamu za nyumbani. Mama mkubwa amefurahi kusikia kwamba habari za goti umezipata, na tangu siku hiyo limeanza kuuma upya. Mama yangu ana swali. Anasema: damu imetapakaa sakafu nzima na aliyemfunga mume ni wewe? Maana huku wote tunajua, na mama mkubwa ameshawaeleza majirani hadi mtaa wa tatu, kwamba udaktari uliuacha kwa sababu huwezi kuona damu. Nimemwambia labda ilikuwa kidogo. Utamjibu mwenyewe.

Haya, sasa kaa vizuri. Nimekwenda kwa Asidi.

Alinifungulia mwenyewe, amevaa tai, nyumbani, siku ya Jumapili. Amekuwa mdogo, lakini sauti ni ile ile ya kuuliza nani amegusa bomba la gesi. Nilipomtajia shule na mwaka, alivua miwani, akaifuta, akairudisha, na uso wote ukamfunguka.

"Wewe," akasema. "Wewe wa oksijeni."

Nikasema, "Hapana mwalimu, yule alikuwa..."

"Kaa, kaa. Mama, lete chai, huyu ndiye yule niliyekuwa nakwambia." Akamgeukia mkewe. "Mkaguzi amekaa nyuma ya darasa. Mimi nimejaza ubao. Huyu anasimama, anasema, samahani mwalimu, upande wa kulia oksijeni imezidi moja. Mbele ya mkaguzi. Na kweli ilikuwa imezidi."

Nikasema tena, "Mwalimu, mimi siye, alikuwa dada..."

"Unyenyekevu ule ule," akamwambia mkewe.

Dada, wewe unyenyekevu uliupata lini? Lakini ndivyo alivyosema. Nikamweleza ninachokitaka, akavuta karatasi hapo hapo. Akaniuliza majina yangu kamili. Nikamtajia, taratibu, moja moja, nikijua yatamzindua. Akayaandika yote matatu bila kuinua kichwa. Alipomaliza akanisomea kwa sauti, nami nakuandikia kipande:

"Katika miaka yangu yote ya kufundisha, huyu ndiye mwanafunzi pekee aliyenifanya nijiandae upya kabla ya kuingia darasani. Alikuwa akiuliza mpaka ninaona haya kwa jibu langu. Chuo kitakachomkataa kitakuwa kimejinyima chenyewe."

Nilijaribu mara mbili kumsahihisha, mara ya tatu sikujaribu. Nataka kukwambia ukweli kwa nini. Alikuwa anasoma huku ananitazama mimi, na tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunitazama huku anasema maneno kama yale. Nilijua ni kilemba cha ukoka, na kichwa kilikipokea hivyo hivyo.

Akanisindikiza mpaka nje. Pale kibarazani akaniuliza, "Na yule mwenzako mliyekuwa mnakaa naye dawati moja? Yule wa kawaida. Yuko wapi siku hizi?"

Nisamehe, dada, mdomo ulitangulia. Nikasema, "Yupo, mwalimu. Ameolewa. Anauza vigae."

"Vizuri," akasema. "Kila mtu apate kazi inayomfaa."

Sasa barua iko juu ya kabati, chini ya saa. Sifa zako, jina langu. Mwisho wa kupeleka maombi ni mwisho wa Aprili. Nikiipeleka nitakuwa nimepanda mgongoni mwako. Nisipoipeleka sina nyingine, nitarudi dirishani nikae mpaka nizeeke. Wewe unasemaje?

Wastani


28 Machi 1995

Mdogo wangu,

Wote wazima. Nilipoona umeanza na goti la mama na kiganja cha mume wangu nikajua kuna jambo linakuja nyuma yake. Damu ilikuwa kidogo. Mwambie mama mdogo hivyo.

Barua niliifungulia dukani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, mteja mmoja akarudisha kopo la rangi akidhani namcheka yeye. Nilipofika kwa yule wa kawaida nikanyamaza. Nyumbani nikamsomea mume wangu, naye akacheka, nikamwambia sioni cha kuchekesha.

Kila mtu apate kazi inayomfaa. Asidi amesema hivyo?

Ipeleke. Mimi sifa zile sina kazi nazo tena, vigae havitaki barua ya mwalimu. Zimekaa bure miaka yote hii, afadhali zimsaidie mtu. Wakikuuliza habari za oksijeni waambie ilizidi upande wa kulia, wakikubana zaidi kohoa.

Hapana, ngoja. Usiipeleke kwanza. Inakili kwa mkono, neno kwa neno, uniletee. Na uniandikie aliyoyasema kwa mdomo, yote, usifupishe. Una tabia ya kufupisha. Alisema mimi ndiye pekee katika miaka yote, au mwaka ule tu? Huko kujiandaa upya, ilikuwa kila kipindi au kimoja kimoja? Alisema kwa sauti gani? Na mkewe, alikuwa anasikiliza au alikuwa anamimina chai tu? Uliandika kwamba alimwambia, "yule niliyekuwa nakwambia." Ina maana alikuwa ananitaja? Mpaka leo?

Halafu ipeleke. Au fanya unavyoona, wewe ndiye unayetaka chuo.

Kichwa

Nimesahau hili: ametuchanganyaje? Mimi nilikuwa mrefu.


30 Aprili 1995

Dada,

Huku wazima, ila Mjomba anataka kuezeka na sebule. Tumemficha nyundo.

Nilirudi kwa Asidi. Usinisifie uaminifu, sifa za kuazima zimenitosha. Ulikuwa woga. Nilijiona darasani, mkufunzi anasema, huyu ndiye aliyekuwa akimtoa jasho mwalimu wake, hebu simama utufafanulie. D yangu ingeniumbua kabla ya saa nne asubuhi.

Safari hii nilisema pale pale mlangoni, kabla ya chai. "Mwalimu, yule wa oksijeni ni dada yangu. Mimi ndiye yule wa kawaida."

Akaniuliza, "Ulikuwa unakaa upande gani?"

"Upande wa dirisha, mwalimu."

"Dirisha nalikumbuka," akasema.

Akaniingiza ndani, akakaa, akaanza kunitafuta kichwani mwake, nami namwona anavyohangaika. Uliwahi kuvunja chombo maabara? Hapana, mwalimu. Uliwahi kuchelewa? Hapana. Uliwahi kunijibu vibaya? Hapana. "Basi ungevunja hata kimoja," akasema, "ungenisaidia leo."

Iliniuma, dada. Nilitoka pale nikalia njiani, mtu mzima, nimeshika mkoba. Miaka minne sikukosa hata siku moja, na katika kichwa cha yule mzee nimeacha dirisha. Yeye pia aliona haya, mikono ilikuwa inacheza na kifuniko cha kalamu. Mwisho akaandika hivi, na huu ndio mwanzo na mwisho wake:

"Nilimfundisha Kemia kwa miaka minne. Alihudhuria. Sina kumbukumbu yoyote mbaya juu yake."

Akaniuliza kama inatosha. Nikasema inatosha.

Nilipokuwa naikunja akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo anayeuza vigae ni yule?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza kwa nini. Akaichukua ile barua ya kwanza, nilikuwa nimekuja nayo, akachukua rula, akalikata jina langu kwa mstari ulionyooka, akaandika lako juu yake, akaisaini upya na tarehe mpya. "Mpelekee," akasema. Kwa hiyo sikunakili. Iliyo katika bahasha hii ndiyo yenyewe. Na maswali yako nilimuuliza: ni katika miaka yote, na ni kila kipindi. Mkewe anasema jina lako analijua tangu walipooana.

Sasa sikia mwisho wa yangu. Ilitakiwa ipigwe muhuri wa shule. Katibu muhtasi aliipiga huku anaongea na simu, muhuri umekaa upande. Nikaenda chuoni mwenyewe kuiwasilisha, nimeshapanga cha kujitetea wakinicheka. Karani akaifungua, akatazama chini ya ukurasa, akasema, "Muhuri upo," akaitia kwenye jalada. Hakusoma hata neno moja, dada. Ningeweza kuwapelekea mashairi.

Sasa nasubiri. Mchana napata hamu ya kula na nikikaa mezani sili.

Wastani


9 Julai 1995

Mdogo wangu,

Hatujambo. Bahasha ilifika.

Tumeleta vigae vipya vya bafuni, vya kijani, havinunuliki. Watu wanavisifia na kuondoka na vyeupe. Mume wangu sasa anafunga mikono nyuma hata akiwa amekaa, sijui anawezaje. Mtoto mkubwa amekuwa wa kwanza darasani. Nimemwambia asizoee. Mama anakuja kwetu mwezi ujao, goti limemruhusu.

Una habari yoyote ya chuo? Kama hawakukuchukua usione haya kuniambia. Mimi sitamwambia mtu.

Kichwa


3 Septemba 1995

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani, kitanda cha juu, kwenye bweni la chuo cha matabibu. Isome tena hiyo sentensi, mimi mwenyewe nimeiandika polepole.

Hata kuchaguliwa nimechaguliwa kiwastani. Nilikuwa kwenye orodha ya akiba. Waliokuwa mbele yangu hawakutokea, mmoja amepata kazi, mwingine amepata mume, chuo kikashuka na orodha mpaka kikanikuta. Mama alipoisoma barua ya kuitwa alisema, "Kumbe hukuwa unatania," akaingia chumbani na akatoka macho mekundu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Mjomba anawaambia watu nakwenda kujifunza ufundi bomba wa binadamu, na baada ya wiki hii ya kusoma utumbo sina la kumpinga.

Tuko wanne chumbani. Wenzangu watatu waliletwa hapa kwa alama zao, mmoja alikuwa wa kwanza mkoa mzima, na wote wananiita Shangazi. Nawaamsha, nawakumbusha kufua, wao wananifundisha kemia. Kumbe maji ni kemikali. Ulipaswa kunijibu siku ile badala ya kucheka.

Kusoma kwangu ni kwa shida, sitakudanganya. Wao wanasoma mara moja, mimi mara nne, na mara ya nne ndiyo naanza kuelewa ile ya kwanza ilisema nini. Naogopa mtihani wa Desemba. Anayeanguka masomo mawili anarudishwa nyumbani, na dirishani kwangu wameshamweka mtu.

Mama mkubwa amerudi kutoka kwako na habari nyingi. Anasema ile karatasi ya Asidi umeiweka chini ya kioo cha meza dukani, mahali wateja wanapochagulia rangi. Anasema mteja mmoja aliisoma yote, akauliza huyu ni nani, ukamjibu ni mtu uliyesoma naye.

Sikuulizi. Nakueleza tu kilichofika huku.

Wastani


16 Desemba 1995

Dada,

Salamu za kutoka bwenini. Hujanijibu tangu Septemba, nimeambiwa na Mama kwamba mko wazima, basi nimeridhika hivyo. Sebule imeezekwa. Nyundo aliipata.

Nianze na hili dogo. Mwezi uliopita walianza kutupeleka wodini. Alikuja mzee ameshika tumbo, anagugumia, mimi ndiye niliyeambiwa nimhoji. Jina, umri, anaumwa nini, hayo nayaweza hata nikiwa usingizini. Halafu nikaendelea, nikaingia naye mlango wa pili, nikamminya tumbo, nikamuuliza hili na lile, mkufunzi amesimama nyuma yangu. Basi mwisho wa ugonjwa wa kwanza niliowahi kuuona maishani ni huu: mzee alikuwa hajapata choo wiki nzima. Nilifurahi mpaka mkufunzi akaniambia nipunguze kutabasamu.

Na sasa mtihani. Matokeo yamebandikwa ubaoni, kwenye ukumbi ambako hata wapishi wanapita, majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Tuko sitini na wawili. Sikuanguka hata somo moja. Mimi ni wa thelathini na tatu.

Nililitafuta jina langu kuanzia chini, kwa adabu, nikapanda nalo mpaka nikalikuta pale katikati, limekaa vizuri. Sirudi nyumbani. Nilienda kula, nikaongeza, nikapanda kitandani nikalala mpaka asubuhi kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Chumbani kwetu ni msiba. Yule aliyekuwa wa kwanza mkoa mzima amekuwa wa ishirini na moja, amenipita mbali, na amefunga begi. Anasema atawaambia kwao kwamba maji ya hapa yanamdhuru. Mimi sielewi kinachomuuma, dada. Nimemletea uji amegeukia ukutani.

Niandikie basi, hata ya vigae.

Wastani


22 Desemba 1995

Mdogo wangu,

Wote wazima. Wamekwenda sokoni, nimebaki peke yangu.

Huyo aliyefunga begi ameondoka? Kama hajaondoka, mzuie. Mfiche viatu. Usimpelekee uji, hana njaa, na usimwambie kwamba wa ishirini na moja si vibaya, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi itakayompandisha gari.

Mimi nilikuwa wa thelathini na nane kati ya sabini. Kwetu pia walibandika ukutani. Sikuanguka hata somo moja. Niliona jina langu pale katikati, nikaendelea kutafuta juu, nikidhani wameniandika mara mbili. Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyeniangalia. Huko kila mmoja alikuwa Kichwa wa shule yake, na nilipofungua mdomo kuuliza swali mwalimu hakushtuka. Nikasoma mpaka nikakonda, mtihani wa pili nikawa wa thelathini na sita. Wa tatu sikuusubiri, nilipanda basi. Mama alinikuta mlangoni na begi, akaniuliza nimefanywa nini, nikasema damu, kwa sababu ilikuwa lazima niseme neno.

Damu sijawahi kuiogopa. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida, mdogo wangu, ningekuwa daktari wa kawaida mzuri tu, na nilikimbia. Mama hajui. Mume wangu hajui. Uliponiandikia kwamba unataka kuomba chuo nilikuhurumia, nikakaa na barua yako wiki kadhaa, nikidhani nakuonea huruma wewe.

Nina swali moja na naomba usilifupishe. Umeandika kwamba uliliona jina lako pale katikati, ukaenda kula, ukaongeza, ukalala mpaka asubuhi. Mimi huu ni mwaka wa kumi sijalala hivyo. Uliwezaje kulala?

Dada yako